Kisima Kilichoshinda Kesi

Wenzangu, hii msiikalie peke yenu. Mtumie jirani yako, na siku asipojibu, chemsha maji.

Nimezunguka nchi hii mpaka viatu vyangu vinajua njia vyenyewe. Nimelala nyumba za watu wa kila namna na sijawahi kufukuzwa. Lakini mwaka huu, huko nyanda kavu za katikati ya nchi, nilikunywa ushahidi wa kesi.

Nilishuka kwenye basi na kiu ya ngamia, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Tunu, mke wa binamu yangu. Tunu ni wakili, na kesi zake nyingi ni za visima na vibali vya maji. Mezani palikuwa na chupa mbili zimejaa. Nikasalimia huku nafungua moja, nikaimaliza, nikapiga mbweu ya shukrani.

Tunu akavua miwani. "Shemeji, hicho ulichokunywa ni kielelezo."

"Kielelezo cha nini?"

"Cha maji ya kisima. Kilikuwa kinakwenda kupimwa."

Mteja wake, mzee mmoja mwenye koti la suti na kandambili, alicheka mpaka akashika mbavu. Jina lake Chidawali. "Una bahati wewe. Umekunywa ya kisima changu. Ungegusa ile nyingine, ya jirani yangu, leo ungelala zahanati."

Nikacheka naye. Mtu ukishaumbuka, unacheka na yeyote anayekuchekea. Ila yashikeni maneno ya mzee huyo.

Chidawali alikuwa amepakana na Mama Nyemo kwa ua wa minyaa. Kila mmoja ana kisima chake, pampu yake na kibali chake. Tofauti ni kwamba watu walipanga foleni kwa Mama Nyemo. Yule mama alikuwa na benchi kivulini, akimuuliza kila mtu habari za mgonjwa wake kwa jina. Ndoo yako ikivuja, anakuazima ya kwake. Kisima hicho ndicho kilichomlisha tangu alipofiwa na mumewe.

Wivu una kazi zake, jamani, na hauna likizo. Chidawali alihamishia kiti chake nyuma ya minyaa ili aone nani kaja na ndoo ya rangi gani. Mama Nyemo alipopaka tangi lake rangi ya bluu, mzee alisusa chakula cha mchana. Hata punda wa wauza maji walipita mlangoni kwake bila kugeuza shingo, naye akawachukia punda.

Mwisho akaja kwa Tunu. "Yule mama ananiibia. Kisima chake kinavuta maji ya chini ya shamba langu."

Shauri likapelekwa kwenye baraza. Ofisa wa maji akaja, akawasha pampu ya Mama Nyemo asubuhi nzima, na maji kwenye kisima cha Chidawali yakashuka mbele ya macho ya watu. Baraza likaamua: visima viwili, maji ni yale yale. Mama Nyemo avute asubuhi, Chidawali avute mchana.

Mzee alishinda. Akachomeka bango barabarani: MAJI YALIYOSHINDA KESI. Kesho yake punda mmoja akajikunia mgongo kwenye bango hilo, kisha akaenda zake kwa Mama Nyemo. Watu walikuwa tayari kurauka alfajiri, lakini kwa Chidawali hawaendi.

Akarudi kwa Tunu. Safari hii alitaka maji ya jirani yapimwe ubora, kwa sababu kisima kikikutwa kichafu hufungwa.

"Sheria haipimi mmoja," Tunu akamwambia. "Mtapimwa wote wawili."

"Nipimwe. Mimi nina wasiwasi gani?"

Hapo ndipo mimi nilipoingia na kiu yangu.

Mchana ule Chidawali alikwenda kujaza chupa nyingine badala ya ile niliyokunywa. Mimi nilikwenda kwa shemeji kupumzika, na jua lilipotua tumbo likaanza kunguruma. Sitaeleza zaidi, ila choo cha shemeji sasa nakijua kila tofali. Tunu alinipa maji ya chumvi na sukari, akasimama mlangoni.

"Shemeji, umekula nini njiani?"

"Mahindi ya kuchoma tu."

"Basi si mahindi," akasema, akaenda kunichemshia maji mengine.

Majibu ya vipimo yalipotoka, ofisa aliwaita wote ofisini kwa Tunu. Mimi nilikaa kwenye kona, karibu na mlango, kwa sababu zinazojulikana. Mama Nyemo alikuwa ameshika ncha ya kanga yake. Akifungiwa kisima, ana nini tena?

Ofisa akasoma. "Kisima cha Mama Nyemo kimeingiwa na kinyesi cha ng'ombe. Kinafungwa mpaka kisafishwe."

Chidawali akaegemea kiti, akatabasamu kama bwana harusi.

"Na kisima cha Mzee Chidawali vilevile. Kinyesi cha ng'ombe. Nacho kinafungwa."

Mzee akaruka. "Changu? Haiwezekani. Ile ndoo niliimimina kwake!"

Ofisi nzima ikageuka kumtazama. Nadhani hata tumbo langu lilitulia kusikiliza.

Yakatoka yote. Siku ya mazishi ya mjumbe wao, jana yake kabla ya chupa kujazwa, mtaa mzima ulikwenda makaburini, na Mama Nyemo akafunga pampu yake akaenda. Chidawali alisema mguu unamuuma. Alibaki peke yake, akakoroga kinyesi kwenye ndoo, akakimimina kisimani kwa jirani. Kisha akawasha pampu yake kwa nguvu zote mpaka jioni, ajaze matangi yake kungoja wateja ambao lazima wangekuja.

Ofisa akatikisa kichwa. "Kisima cha mama kimelala, cha kwako kinavuta mchana kutwa. Uliivuta ndoo yako mwenyewe, mzee."

Akaandika kwamba Chidawali atalipia usafishaji wa visima vyote viwili. Cha Mama Nyemo kitafunguliwa kikishasafishwa. Kibali cha Chidawali kitabaki kwa ofisa mpaka baraza likae.

Mzee akamgeukia Tunu. "Wakili, sema neno."

"Nilikutetea ukiwa na haki," Tunu akasema, akifunga jalada. "Leo huna."

Ikabidi mzee amgeukie jirani yake, sauti imepungua. "Lakini mwenzangu, uchafu wa kisima chako umefikaje kwangu?"

Mama Nyemo akasimama, akajifunga kanga yake vizuri.

"Maji si yale yale? Ulishinda kesi wewe."

Funzo: Kabla hujachafua riziki ya jirani yako, uliza kwanza yako inapitia wapi.