Maji ya Ndiva ya Chini

Anayelilia ndiva ya juu, ya chini humpita. Mmeisikia leo kwenye kikao cha harusi, mkacheka kwa sababu wakubwa walicheka, kisha mkanifuata huku jikoni kuniuliza ndiva imeingiaje kwenye habari za uchumba. Kaeni basi, na anayejua kuchambua maharage asiweke mikono mapajani. Methali hii ilianza hivi, na wala si ya kale kama mnavyodhani. Waliohusika karibu wote wako hai, isipokuwa bibi mmoja, naye alikufa ameshiba siku zake.

Huku kwetu milimani Upare, ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo. Maji ya kijito hujikusanya humo usiku kucha, asubuhi kizibo hutolewa, maji yakashuka kwa mfereji hadi shambani kwa mwenye zamu. Sheria yake hata mtoto anaijua: maji yakifika kwako na hujakata tuta yaingie, yanakwenda kwa anayefuata. Hakuna wa kukubembeleza.

Kijiji chetu kina ndiva mbili. Ya juu ilichimbwa na ukoo wa Mgonja zamani za mababu, na ingawa sasa ni ya kijiji kizima, mzee Kirumbuyo Mgonja huitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake. Ya chini ilikuja baadaye. Maji ni yaleyale ya mlima uleule, ila kwa mzee Kirumbuyo ya chini yalikuwa makombo.

Mzee huyo alikuwa na kitinda mimba, binti aitwaye Nakundwa, msichana wa vitabu hasa. Tangu kidato cha tatu Nakundwa alisema atasomea udaktari kwenye chuo kimoja kikubwa cha Dar es Salaam, na baba yake akalichukua neno hilo akalitembeza. Alilisema kanisani, akalisema gulioni, akalisema hata kwenye misiba ambako halikuwa na mahali. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka mazuri, hakungoja chuo kijibu. Alishuka Same mjini na mkewe na bintiye kununua sanduku la magurudumu.

Siku hiyohiyo baragumu lilipigwa. Watu waliitwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, kuzoa matope ya ndiva ya juu, na msaragambo kwetu si ombi. Nyumba isiyotoa mtu wala kuaga hupoteza zamu. Kamati ya maji ikakaa, ikamhukumu mzee Kirumbuyo kwa upole: msimu ule hana zamu ya juu, lakini kwa heshima ya umri wake apewe ya chini. Alivyolipokea jambo hilo, ungedhani amefiwa.

Kabla hajapoa, chuo cha Dar es Salaam nacho kikajibu. Nakundwa hakuchaguliwa.

Basi nyumba ile ikawa na wagonjwa wawili. Baba alinuna barazani, binti akanuna chumbani, na mama akawa anapika chakula kinachorudi jikoni kama kilivyokwenda. Nakundwa alijifunika kitenge, akageukia ukuta. Alikuwa mtu wa kufaulu. Hakuwahi kukataliwa na kitu chochote alichokitolea jasho, kwa hiyo hakujua mtu hufanya nini baada ya hapo. Kilichomuuma zaidi ni watu. Aliwaza namna atakavyopita njia ya kanisani, huku kila mama akimuuliza Dar anakwenda lini.

Kumbe nafasi alikuwa nayo. Chuo kingine, cha Mbeya, alichokijaza mwishoni mwa fomu kwa kutimiza tu, kilikuwa kimemkubali kusomea ufamasia. Alitakiwa kuthibitisha kwa simu kabla ya jioni ya Ijumaa, la sivyo nafasi apewe mwingine. Ujumbe aliusoma, akawatajia wazazi mara moja tu, akaigeuza simu kifudifudi. Alijiambia atakata rufaa. Mara akajiambia atangoja mwaka ujao aombe tena. Sisemi kungoja ni kosa. Wapo waliongoja wakafanikiwa, kwa sababu walikuwa na la kufanya na mwaka wao. Nakundwa hakuwa na mpango wowote. Hakuwa akingoja mwaka ujao, alikuwa akingoja chuo kijute.

Ijumaa ikafika, na ndiyo ilikuwa siku ya zamu yao ya ndiva ya chini. Mama alikuwa gulioni. Jua lilipopanda, bibi yake mzaa baba, aliyekaa nyumba ya pili uani, akaja akasimama mlangoni.

"Nakundwa, maji yanapita hapo chini na hakuna wa kuyapokea. Baba yako yuko wapi?"

"Amepanda ndiva ya juu, bibi."

"Nimemwona, na fimbo mkononi. Mtu anakwendaje kwenye maji na fimbo, jembe ameliacha? Basi yafungulie wewe."

"Amekataza. Anasema tukiyachukua ya chini tutakuwa tumekubali kwamba tumetolewa ya juu."

Bibi akamtazama mjukuu wake pale kitandani, akatazama na ukuta. "Mwanangu yule nilimzaa mimi," alisema, "lakini ukaidi sijui alinyonya wapi. Inuka ukamwite. Mahindi yale tusipoyanywesha leo, hakuna zamu nyingine mpaka yawe mabua."

Nakundwa akainuka kwa ajili ya bibi tu. Njiani alipita ukingoni mwa shamba lao, akaona majani yamejikunja kama yanavyojikunja yakikaribia kukata tamaa, na mferejini maji mazuri yakienda zake kwa jirani yao, mzee Mfinanga. Akaanza kupanda mlima kwa haraka.

Alimkuta baba yake amekaa juu ya ukuta wa ndiva, amevaa kofia yake ya Jumapili. Karibu naye, mwenyekiti wa maji, mzee Mchome, alikuwa na miguu kwenye tope akihangaika na kizibo, na kwa uso wake ilionekana amesikiliza historia ya ukoo wa Mgonja tangu alfajiri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umetoka kitandani leo?"

"Maji ya chini yamefika kwetu. Niyafungulie?"

"Mwache Mfinanga ayachukue. Mimi sitoki hapa mpaka zamu yangu irudi. Ndiva hii aliichimba babu yangu kwa mikono yake. Nikienda kuchota makombo kule chini, nitamwambia nini?"

"Babu hali mahindi yale, baba. Sisi ndio tunaoyala. Na yenyewe yamenyauka, hayaulizi maji yametoka ndiva ipi."

Mzee Kirumbuyo akageuza uso taratibu. "Maneno mazuri. Na wewe uliyelala umegeukia ukuta, cha Mbeya umekijibu?"

"Hilo ni jambo lingine," alisema Nakundwa.

"Lingine kwa vipi?"

Walibaki wakitazamana, wakaidi wawili wa damu moja, mpaka mzee Mchome akanyoosha mgongo. Alikuwa amechoka na ana watu wa kugawia maji.

"Mzee mwenzangu," alisema, "kaa hapo hadi jua lizame ukipenda, mimi sikufukuzi. Lakini anayelilia ndiva ya juu, ya chini humpita."

Akainama tena kwenye kizibo chake. Hakukusudia hekima yoyote, alitaka tu apishwe afanye kazi. Ila aliyeambiwa alikuwa mmoja, na waliochomwa walikuwa wawili.

Nakundwa alihisi uso unamwaka. Alimtazama baba yake, mtu mzima na kofia ya kanisani, analinda maji ambayo hakuna aliyempa, na mahindi yake yanakufa bondeni. Akajiona. Kama si heshima angecheka. Akajiuliza swali ambalo kitandani hakujiuliza hata mara moja: alikuwa akitaka nini hasa, chuo kile au kazi ya kusaidia wagonjwa? Akakumbuka jinsi yeye ndiye anayemsomea bibi maelezo ya vidonge vya presha, kipi asubuhi na kipi usiku, na jinsi anavyofurahi bibi akielewa. Hilo Mbeya wangeweza kumfundisha, pengine vizuri zaidi. Jina la Dar es Salaam lilikuwa la kuwaambia watu wa njia ya kanisani.

"Baba, tushuke," alisema.

"Watu watasema."

"Watasema leo na kesho. Wiki ijayo watakuwa na mengine."

Mzee akaivua kofia, akaipangusa ingawa haikuwa na vumbi. Kisha akashuka ukutani bila kumuaga Mchome. Walianza kwa kutembea, na walipofika kwenye mteremko wakajikuta wanakimbia.

Mzee Mfinanga alikuwa amekwisha kata tuta lake, maji yanaingia kwake. Alipowaona wanahema mbele yake, akasimamisha jembe. "Niliona yanapita tu," alisema. "Nilidhani hamyataki."

Hapo ndipo penye kazi, wanangu. Mlima kuushuka kulikuwa rahisi kuliko neno lile.

"Tunayataka," alisema mzee Kirumbuyo.

Mfinanga, mtu wa watu, akaziba kwake bila neno jingine na kumwazima jembe. Baba alikata tuta, binti akaziba mfereji kwa udongo na magome ya mgomba, na maji yakageuka yakaingia shambani mwa Mgonja. Mistari ya mwisho hayakuifikia, ile ilikauka kweli. Mingine yote ilinyweshwa, na ardhi ikatoa ile harufu ambayo kila mkulima anaijua, naye mzee akasikika akipiga mluzi.

Nakundwa hakungoja maji yaishe. Bondeni hakuna mtandao, kwa hiyo alipanda hadi mawe ya nyuma ya kanisa. Kidole chake kilikuwa na tope na simu haikumsikia, akakipangusa kwenye sketi, akabonyeza tena. Kazi kubwa kama ile, na ilikwisha kabla hajatulia vizuri kwenye jiwe. Jibu liliporudi kwamba nafasi ni yake, alishusha pumzi ndefu, akalia kidogo, na kilio chenyewe hakikuwa cha huzuni. Alirudi nyumbani akala chakula cha watu wawili, akalala hadi jioni, na safari hii hakugeukia ukuta.

Kuna waliomuuliza, ndiyo. Siku anaondoka, watu wa kanisani walimsindikiza hadi barabarani kupanda basi, na mama mmoja mwenye ulimi mrefu akapaza sauti ili wote wasikie.

"Mzee Kirumbuyo, si ulituambia Dar es Salaam? Mbona basi ni la Mbeya?"

Nakundwa, aliyekuwa amekwisha kaa dirishani, akachungulia nje. Alijua baba yake anavyochukia kuulizwa mbele za watu. Lakini mzee hakutazama chini. Alijiweka sawa, akajibu kwa utulivu, kama mtu aliyeyapata maneno hayo kwa babu yake mwenyewe, na mzee Mchome yuko palepale kando anasikiliza kinywa wazi:

"Mama, anayelilia ndiva ya juu, ya chini humpita."