Damu ya Kwanza ya Chewa

Hadithi yangu leo inanuka shombo, mwenye pua nyepesi asogee mapema. Miaka ishirini na saba napasua samaki, nayajua matumbo yao kuliko ninavyozijua nyumba za mawifi zangu. Wewe uliyekunja uso, kaa. Utahukumu.

Palikuwa na chewa mkubwa, makazi yake pangoni chini ya mwamba. Ndani yake waliishi watatu, na juu yao alitawala wa nne, Moyo.

Wa kwanza Tumbo, mtu wa hasira. Silaha yake ni maji makali: akiyamwaga, nyama inaiva bila moto.

Wa pili Kongosho, fundi wa visu. Waliosoma wanaviita vimeng'enya. Ana kisu cha nyama, kisu cha mafuta na kisu cha wanga. Ila nyumba hana. Mimi na wewe kongosho letu lina mahali pake, lakini la chewa limetapakaa vipande vipande, huku kwenye mafuta, kule ndani ya ini. Basi Kongosho alikuwa mpangaji wa Ini, kwa sharti moja: visu vikae alani mpaka vivuke mlango wa utumbo. Nyumbani kwa mwenyeji havichomolewi.

Wa tatu ndiye huyo Ini, mwenye nyumba. Anatengeneza nyongo, anaweka akiba ya mafuta, na sumu ikiingia mwilini anainywa yeye.

Siku hiyo chewa, kwa ulafi wake, akammeza hongwe mzima. Hongwe mnamjua, yule mwenye miiba mitatu ya sumu, hata wavuvi humvunja miiba kwanza ndipo wamtie kapuni. Chewa hakuvunja kitu. Hongwe akafika tumboni hai, akaitandaza miiba yake, akaanza kupiga kulia na kushoto.

Moyo akasikia kuta zinachanika. Akaapa mbele ya wote: "Atakayetuokoa na huyu, siku za njaa atapata damu kwanza. Wengine watapata kitakachobaki."

"Na kisipobaki?" Kongosho akauliza.

"Basi hakikubaki."

Tumbo hakungoja. Alimkaba hongwe kwa kuta zake zote, akammwagia maji makali machoni na matamvuani. Hongwe akamchoma. Tumbo akabana. Akachomwa tena, akabana zaidi, damu inamtoka, naye hamwachii. Ngozi ya hongwe ikabanduka, macho yakapasuka, akatapatapa mpaka akakata roho. Lakini kule kubana ndiko kulikozidi kuuzamisha mwiba mmoja. Ulikuwa umetoboa ukuta, ukatokea upande wa pili, na ncha yake ikaingia sebuleni kwa Ini.

Kongosho alikuwamo humo. Aliuona mwiba unapita karibu na shingo yake, na kila chewa alipojitingisha kwa maumivu, ulisogea kuelekea kwa Moyo. Njia ya kwenda mlango wa utumbo ni ndefu. Kongosho akavunja sharti, akachomoa visu humo humo ndani. Akavipenyeza kwenye tundu, akaikata nyama iliyoushikilia mwiba, mpaka ukalegea na kurudi ulikotoka. Ila visu vya Kongosho havichagui nyama ya adui na nyama ya mwenyeji. Alipomaliza, vyumba viwili vya Ini vilikuwa uji.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Ini akasema, na sauti yenyewe ya kuvuta.

Lakini hakupata nafasi ya kulia. Sumu ya mwiba ilikuwa imeshamwagika, inaufuata mshipa wa kwenda kwa Moyo. Ini, nusu yake imekatwakatwa, akaifungulia mlango akainywa yote. Ikamchoma ndani kwa ndani mpaka akawa mweusi. Na bado akakamua nyongo yake ya mwisho kuyavunjavunja mafuta ya hongwe, maana bila nyongo kisu cha mafuta kinateleza tu. Moyo hakuguswa hata na tone.

Hongwe akaliwa, akaisha. Chewa akabaki pangoni na donda, hawezi kuwinda. Njaa ikaingia. Damu ikawa nyembamba, ya kumtosha mmoja, na huyo mmoja ndiye atakayeiona siku ya donda kufunga. Wakamwendea Moyo.

"Mimi ndiye niliyemuua," Tumbo akasema. "Tundu hili hapa ubavuni. Nikifa mimi, chakula kijacho kitaivia wapi?"

"Ulimuua, ukamkaribisha mwiba wake kwetu," Kongosho akamjibu. "Moyo, ulikuwa umebakiza pumzi mbili. Nani aliuondoa?"

"Ukanila mimi," Ini akasema.

"Nilikula vyumba viwili nikaiokoa nyumba. Na njaa ikinizidi, mzee wangu, sina nguvu ya kuvizuia visu alani. Sikutishi. Nakwambia hali yangu."

Ini akamtazama Moyo. "Mimi sumu niliinywa kwa ajili yako. Hata hiyo damu unayotaka kuigawa imenona kwa akiba yangu. Wewe uliapa. Mimi sikukulazimisha uape."

Moyo akapiga pigo moja, akawatazama wote watatu. Na mimi namwonea huruma, maana kila mmoja ana haki yake, na aliyeapa kwa hofu ni yeye mwenyewe. Hakimu mwingine angesema njooni kesho. Moyo hana kesho ya kuwaambia. Akisimama kufikiri, wamekufa wote, na yeye na chewa wake. Kila pigo lazima damu itoke, na ikitoka lazima iende kwa mtu.

Haya, wewe wa uso uliokunjwa, na wenzako. Tundu la Tumbo, visu vya Kongosho, weusi wa Ini. Pigo lenyewe ndilo hilo linakuja. Damu unaipeleka kwa nani?