Kiraka cha Shaba

Hapo zamani, masultani walipokuwa wengi na washauri wao wengi kuliko nzi, palikuwa na mji uliozungukwa na ukuta wa udongo. Ukuta ule aliujenga babu yake Sultani, ukasimama miaka mingi bila kumwomba mtu ruhusa. Ikawa masika moja mvua ikaula ubavuni, ikaacha shimo la kupita mbuzi.

Basi Sultani akaita baraza. Fundi Faki, mwashi wa mji, akasema ukuta ukandikwe kwa udongo, kama ulivyojengwa. Waziri akaziba pua.

"Udongo? Udongo ni kazi ya nyigu, Maulana. Wageni watatuonaje? Kiraka sharti kiwe kigumu na cha thamani kuliko kile kinachozibwa."

Baraza zima likaitikia kwa vichwa. Maneno yale yakafanywa amri ya nchi, mbiu ikapigwa, na Faki akaambiwa alijaze shimo kwa mawe na chokaa.

Akalijaza. Vuli ikaingia, maji yakajipenyeza nyuma ya mawe, yasipate pa kutokea. Udongo ukalainika kama uji, kisha kiraka kikaanguka kizima, kimekumbatia pande la ukuta. Shimo la mbuzi likawa la ngamia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakumtaja mwenye kuziba kwa ushauri wa Waziri.

Waziri akakiendea kile kiraka pale kilipolala, akakigonga kwa fimbo. "Kiraka hakina kosa," akasema. "Basi kosa ni la fundi."

Faki akatiwa gerezani, angoje Idi ipite ndipo akatwe kichwa, maana Sultani alikuwa mtu wa dini, hakupenda kuharibu sikukuu. Tusimcheke sana. Aliyerithi ukuta hurithi pia hofu kwamba utaanguka wakati wake, na mwenye hofu humsikiliza anayesema kwa sauti kubwa.

Faki alikuwa amemwoa dada wa mtu mmoja aliyeitwa Shekuwe. Huyu Shekuwe hakuwa na mali wala kazi, na watu walimwita mpumbavu kwa kuwa alifuata kila alichoambiwa. Aliwahi kuambiwa amwagilie mchicha kila jioni, akaonekana akimwagilia katikati ya mvua. Basi dada yake Mwanakheri akamjia machozi yakimtiririka.

"Kaka, wewe umelala, na shemeji yako anahesabiwa siku!"

"Sijalala, dada. Nimefumba macho nifikiri."

"Basi fikiri ukiwa umesimama!"

Akasimama.

Ilikuwa desturi ya Sultani kuvaa, kila siku ya Idi, joho la hariri la marehemu baba yake. Mwaka ule panya walikuwa wamelitoboa begani, na washonaji wa mji, walipokumbuka yaliyompata Faki, wakashikwa na homa wote kwa pamoja. Shekuwe akajipeleka kwa Sultani.

"Maulana, nitalitia kiraka mimi. Nitaifuata amri yako, sitaipunguza hata neno."

Asubuhi ya Idi akalileta. Begani palikuwa na bamba la shaba, pana kama sinia, limeshonewa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe. Sultani akalitazama, kisha akamtazama Waziri. Naye Waziri, amri ikiwa ni maneno ya kinywa chake, angesema nini?

"Linang'aa, Maulana," akasema.

Basi likavaliwa. Sultani akatoka barazani, wageni wakainama, akainua mkono kuwapokea. Hariri ikapasuka kwaaa! toka begani hadi kiunoni, bamba likamwangukia Waziri kwenye kidole cha mguu, na mwenye nchi akabaki na kikoi mbele ya wageni. Hakuna aliyecheka, kila mtu alikipenda kichwa chake.

"Umeniaibisha!" Sultani akanguruma. "Umelirarua joho la baba yangu!"

Shekuwe akaliokota bamba, akaligeuza huku na huku. "Maulana, kiraka hakina kosa. Tazama, hakina hata mkwaruzo. Hariri ndiyo iliyoasi. Naomba ifungwe pamoja na shemeji yangu."

"Mpumbavu wewe! Hariri huzibwa kwa hariri! Hata mtoto wa chuoni analijua hilo!"

"Kweli kabisa, Maulana," Shekuwe akajibu kwa unyenyekevu. "Na udongo je?"

Sultani akalitazama bega lake tupu, akamtazama Waziri aliyekuwa akirukaruka kwa mguu mmoja, kisha tumbo likaanza kumtikisika, na kicheko kikamtoka hadi akashika nguzo. Ndipo watu wote wakakumbuka kwamba na wao walitaka kucheka.

Faki akafunguliwa siku ile ile. Udongo uliomwagika chini ya ukuta ukakusanywa, ukalowekwa, ukachanganywa na nyasi kavu zilizokatwakatwa. Kingo za shimo zikanyunyiziwa maji, kisha shimo likakandikwa tabaka juu ya tabaka, kila moja likiachwa likauke taratibu. Lakini udongo wa namna hiyo hautengenezeki bila kukanyagwa kwa miguu, na nani wa kuukanyaga, Sultani alichagua mwenyewe. Basi Waziri akapandisha kanzu, akachechemea ndani ya tope hadi magotini, akakanyaga kutwa nzima. Na wenye kumbukumbu husema kwamba katika utumishi wake wote, hiyo ndiyo siku pekee alipoufaa mji.