Nakiete na Darasa la Uani

Paukwa!

Pakawa.

Mbona mnaitikia kinyonge hivyo, na ugali mmeumaliza wote? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogezeni kuni, na wewe mwenye kikohozi hamia upande ule moshi usikokwenda, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikaa baraza moja na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na mji chini ya mlima. Mji ule uliishi kwa maji ya mfereji. Juu kabisa kulikuwa na bwawa waliloliita ndiva. Usiku maji yalijaa humo, asubuhi yakafunguliwa, yakateremka mlango baada ya mlango, kila shamba na mlango wake, mpaka shamba la mwisho bondeni. Ukifungua mlango siku isiyo yako, jirani analala njaa. Kwa hiyo ilikuwa lazima kila mtoto azijue habari za maji: yanapita wapi, yanafunguliwa na nani, na lini.

Aliyezifundisha ni Mwalimu Kasuku. Habari zote alizipanga katika beti arobaini. Watoto walikaa mstari mmoja, wakatazama mbele, wakasema kwa sauti moja, leo na kesho na keshokutwa. Wengi walishika. Simsemi vibaya, alikuwa mwalimu mwenye bidii. Lakini siku moja alifika uani kwa Nakiete akiwaswaga watoto watatu mbele yake, na watoto wale walikuwa wa Nakiete.

"Mama Mashambo," akasema, "nimekurudishia wanao. Huyu mkubwa, Mashambo, hakai. Namwambia kaa, yuko juu ya paa. Huyu wa kati, Namkunda, hasemi. Namwambia sema, anatazama vidole vya miguu. Na huyu mdogo, Kajiru, hanyamazi. Nikisema ubeti mmoja ananiuliza kwa nini mara tatu. Hawafundishiki."

Nakiete alikuwa akipepeta mtama. Akaweka ungo chini.

"Na siku ya kusafisha mfereji itakapofika, Mwalimu, itakuwaje?"

"Unaijua desturi," akasema Kasuku, na akatazama pembeni.

Nakiete aliijua sana. Siku ile Chifu Nyati aliwapima watoto waliofikia umri. Asiyezijua habari za maji alichukuliwa kwa mama yake akakae zizini kwa Chifu, afundishwe huko mpaka azijue. Wengine walirudi wakiwa na ndevu, na mama zao hawakuwatambua. Nakiete aliwatazama wanawe watatu.

"Basi nitawafundisha mwenyewe," akasema. "Hapa hapa uani."

Lo, mji ulichangamka. Kisimani wanawake walisema Nakiete anajiona. Kuku walisema. Hata konokono, ambaye huwa hana habari na mtu, alifika siku mbili baadaye kusema.

Nakiete akaanza kazi. Na mnajua alianzaje? Aliwaweka mstari mmoja. Akawaambia watazame mbele. Akasema ubeti, wakasema. Yaani alikuwa Kasuku asiye na mabawa. Siku ya kwanza Mashambo alipanda mti wa mpera. Siku ya pili Namkunda alijificha ndani ya ghala. Siku ya tatu Kajiru aliuliza kwa nini maji hayapandi, Nakiete akamfokea mpaka sauti ikampasuka, mtoto akalia, wa kati akalia kwa sababu wa mwisho analia, na mkubwa huko mtini akatupa mapera. Ugali ukaungua. Nakiete akaketi kwenye kinu, akafunika uso kwa kanga, akalia na yeye.

Mbuzi wake alikuwa amefungwa karibu hapo, anatafuna.

"Mama," akasema Mbuzi, "naomba nikuulize kitu, usinipige."

"Uliza tu. Leo kila mtu ananiuliza."

"Asubuhi mimi unanipeleka wapi?"

"Vichakani."

"Na Kondoo?"

"Kwenye majani ya chini."

"Na Kuku?"

"Namwachia jalalani ajitafutie."

"Jioni sote tunarudi tumeshiba," akasema Mbuzi. "Sasa hao watoto watatu, mbona umewafunga kamba moja?"

Nakiete alishusha kanga. Mbuzi akaendelea na majani yake. Kisha Nakiete akafuta machozi, akaenda kumwambia Mashambo ashuke.

Kesho yake, kabla jua halijatoka, alimchukua Mashambo akaenda naye mfereji mzima. Hakumwambia akae. Alimwambia aruke. "Ruka mlango huu. Huu ni wa nani?" "Wa Mzee Mchome." "Ruka ule. Je, ule?" "Wa kwa akina Kondoo." Mtoto aliruka, akakimbia, akaanguka majini, akatoka, na kila alipoweka mguu pakaingia kichwani. Nakiete alirudi nyumbani akichechemea.

Mchana alimchukua Namkunda wakaenda kumkamua Mbuzi. Hakumwambia aseme. Aliimba tu mwenyewe beti za maji, polepole, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. Siku ya kwanza Namkunda alisikiliza. Siku ya pili alisikiliza. Siku ya tatu Nakiete alikatisha wimbo ili afukuze nzi, akasikia nyuma yake sauti ndogo inaumalizia ubeti, inamwimbia Mbuzi sikioni. Nakiete hakugeuka. Aliendelea kukamua, sikio likiwa nyuma, maziwa nusu yakamwagika chini.

Jioni ilikuwa zamu ya Kajiru, na hiyo, jamani, ndiyo iliyomtoa jasho. Kwa nini maji yanalala kwenye ndiva? Kwa nini mlango ni wa jiwe? Kwa nini mlango wa bondeni unafunguliwa wa kwanza siku za ukame, wakati uko mbali? Beti zote arobaini Nakiete alizijua tangu utotoni, na hakuwahi kujiuliza.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Twende tukamuulize Kaa, yeye anaishi mferejini."

Wakachuchumaa ukingoni, Kaa akatoa jicho moja, akawaeleza, akatoa la pili, akawaeleza tena, maana Kajiru hakuridhika.

Msidhani mambo yalikwenda kama mafuta. Mashambo alirudi na matope akamrukia Namkunda, Namkunda akakimbilia ghalani kutwa nzima. Kajiru alimuuliza kaka yake maswali mpaka wakashikana mashati. Kuna asubuhi Nakiete alitamani kuwarudisha wote kwa Kasuku na zawadi ya kuku juu yake. Lakini alifunga kibwebwe. Asubuhi huyu, mchana huyu, jioni huyu, na mtama akapepeta saa alizoziiba.

Siku ya kusafisha mfereji ikafika. Mji wote ulipanda kwenye ndiva, majembe begani. Chifu Nyati alikaa kivulini, mzito, anahema, na Kasuku juu ya pembe lake la kulia.

Sasa sikieni desturi ya wale watu. Mama wa mtoto anayepimwa alipewa maji ya ndiva ayajaze mdomoni, asiyateme wala asiyameze mpaka hukumu ya mwisho itoke, asije akamnong'oneza mwanawe. Yakitoka, mtoto ameshindwa. Nakiete akajaza mashavu, akasimama hapo, macho yamemtoka.

"Mashambo," akaita Kasuku. "Kaa chini. Ubeti wa kwanza."

Mashambo akakaa. Akafungua mdomo. Vidole vya miguu vilicheza, magoti yakacheza, jasho likamtoka, na ubeti haukuja. Watu wakaanza kutazamana. Shangazi mmoja akacheka chinichini, na Nakiete alimsikia.

"Ee Chifu," akasema Mashambo, "naomba nisimame."

"Simama," akasema Nyati.

"Na naomba nitembee."

"Utembee kwenda wapi?"

"Mpaka bondeni. Nikikaa hainijii."

Nyati alitazama bonde, akatazama tumbo lake, akashusha pumzi ndefu. Lakini Chifu ni Chifu. Akainuka, na mji wote ukainuka, wakateremka nyuma ya mtoto. Mashambo akaruka mlango wa kwanza, akasema ni wa nani na siku yake. Akaruka wa pili, akasema. Akaruka wa tatu, akasema. Alikwenda hivyo mpaka shamba la mwisho, hakukosa hata mmoja, na huko nyuma Nyati anahema kama mvukuto, na Nakiete anapumua kwa pua peke yake, maji yanamgonga meno.

"Huyu anajua," akasema Nyati alipopata pumzi.

"Namkunda," akaita Kasuku. "Tazama mbele. Sema."

Namkunda akatazama mbele. Mbele kulikuwa na mji mzima. Akatazama vidole vya miguu. Watu wakangoja. Kasuku akarudia mara ya pili, akarudia mara ya tatu. Nakiete akaona kabisa zizi la Chifu, na mwanawe ndani yake, hana wa kumwelewa hata kimya chake. Machozi yalimtiririka mashavuni. Maji hayakutoka.

Ndipo Namkunda akawapa watu mgongo. Akatembea mpaka alipofungwa mbuzi wa mtu, mbuzi asiyemjua, akachuchumaa, akamshika sikio. Akaanza kuimba. Sauti ilikuwa ndogo, watu wakalazimika kusogea, wakasogea zaidi, wakanyamazishana. Wazee waliokuwa wakizisema beti zile maisha yao yote wakakunja nyuso kama watu wanaozisikia leo kwa mara ya kwanza. Aliziimba zote arobaini, na alipomaliza alibaki hapo hapo amemkumbatia mbuzi.

"Ametupa mgongo," akasema Kasuku, lakini hakusema kwa nguvu.

"Mwalimu, mimi nimesikia kila neno," akasema Nyati, akafuta jicho kwa kwato. "Huyu anajua. Leteni wa mwisho."

Kajiru akaja mwenyewe, hakungoja kuitwa.

"Siku ya ukame," akasema Kasuku, "ni mlango gani hufunguliwa kwanza?"

"Wa bondeni. Kwa nini?"

"Wewe ndiye unayeulizwa."

"Nimejibu. Ni wa bondeni. Sasa nauliza, kwa nini wa mbali upate kwanza?"

Kasuku akamtazama Nyati. Nyati akawatazama wazee. Wazee wakatazama majembe yao.

"Ni desturi," akasema mzee mmoja.

"Nilimuuliza mama, akasema hajui," akasema Kajiru. "Tukamuuliza Kaa. Kaa anasema asubuhi ndiva imejaa, maji yanasukumana, yana nguvu ya kufika mbali. Ukianza na wa juu, yakifika bondeni yamechoka, yananywewa na udongo njiani, na wa bondeni hapati. Ukianza na wa mbali, wa karibu atapata hata yakiwa kidogo. Na aliyeweka desturi hiyo alikuwa nani, Chifu? Maana ningependa kumuuliza mengine."

Watu wakaangua kicheko, na Nyati akacheka mpaka Kasuku akashikilia pembe kwa kucha zote. Kisha Kasuku akajikung'uta manyoya.

"Ee Chifu, sheria ni sheria. Nilifundisha mtoto akae, atazame mbele, aseme. Mmoja ametembea, mmoja ametupa mgongo, mmoja amenihoji mimi."

Nyati akafumba macho, akatafuna, akafikiri. Nakiete mashavu yalimuuma, masikio yakamvuma, wanawe watatu wamesimama mbele yake wakishikana mikono.

"Sheria nimeipokea kwa baba yangu," akasema Nyati. "Inasema mtoto azijue habari za maji. Hii ya kukaa, Mwalimu, umeiongeza wewe. Watoto hawa wanajua, na wanajua sana. Waende nyumbani kwa mama yao."

Nakiete hakumeza wala hakutema. Alipiga kigelegele na maji mdomoni. Yaliruka yote, yakamlowesha Chifu, yakamlowesha Kasuku, yakamlowesha na yule shangazi. Wanawake wote wakaitikia kwa vigelegele, mlima ukarudisha, na watoto wakamrukia mama yao wakaanguka naye mferejini wote wanne. Nyati alisema hajawahi kuloweshwa vizuri namna ile.

Waliimbiwa njia nzima mpaka nyumbani. Na waliosema kisimani kwamba Nakiete anajiona, siku hiyo walishindana kumpikia.

Asubuhi yake Nakiete alikuwa akifagia uani akasikia hodi. Alikuwa Kasuku. Hakutua juu ya paa kama kawaida yake. Alisimama chini, mlangoni, na chini ya bawa lake palikuwa na kinda.

"Mama Mashambo," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa yake mwenyewe, si ya kufundishia. "Huyu ni mwanangu. Hajawahi kusema neno. Mimi, Kasuku, mwanangu hasemi. Nimemficha kiotani mwaka huu wote kwa aibu. Nimemwambia beti zote, mara elfu."

Nakiete akaweka ufagio ukutani.

"Mwalimu, anapenda nini?"

Kasuku akamtazama mwanawe kama anayemwona sasa.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi sikujua ya wangu," akasema Nakiete. "Karibu ndani, uji uko motoni."

Kinda likatoka chini ya bawa, likawapita watoto wengine, likamwendea Namkunda, likakaa karibu naye. Wawili wale hawakusemezana kitu asubuhi nzima, na walionekana wameridhika kabisa.

Nami hadithi yangu naiacha hapo, uani kwa Nakiete, uji ukiwa bado wa moto.