Wawili Waliofichana Sukari

Ndugu zangu, Ramadhani imeshabisha hodi. Najua wengine mnawaza tambi, wengine mnawaza kanzu mpya. Leo sitawachosha, nina mfano mmoja tu, lakini mtaondoka nao.

Palikuwa na fundi cherehani, mshonaji wa kanzu. Fundi hasa, wa kudarizi kwa mkono, macho yake ndiyo shamba lake. Mwezi wa Shaabani kama huu alikwenda zahanati kwa maumivu ya mgongo. Muuguzi akamtoboa kidole, akampima, akamwambia, "Baba, sukari yako imeanza kupanda. Kisukari bado hakijakushika, na ukijitahidi huenda kisikushike kabisa. Tembea kila siku, usishinde kwenye hicho kiti cha cherehani. Punguza vitu vitamu, punguza wali na vya kukaanga, mboga ziwe nyingi. Na tumbo hilo lipungue. Baada ya Idi urudi tukupime tena."

Sasa mtu kama huyu afanye nini? Si aende nyumbani akamwambie mkewe? Hakusema. Baba yake mzazi alikufa kipofu kwa maradhi hayo hayo, na yeye ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumleta msikitini. Hata jina la ugonjwa ule hakutaka kulitaja. Tena aliogopa maneno. Mke akijua, dada zake watajua, na dada zake wakijua, basi mtaa mzima umejua. Watasema macho ya fundi yanakwenda, msimpelekee kanzu. Akajipa moyo: Ramadhani inakuja, nitafunga mwezi mzima, sukari itashuka yenyewe, na hapana atakayejua.

Haya, mfungo ukaingia. Mchana kutwa yuko kwenye kiti, kanzu za Idi zimerundikana mpaka mlangoni, kutembea hakuna. Magharibi ikiadhiniwa, mbele yake tambi za sukari, mihogo ya nazi, uji mtamu, na kaimati zimelowa shira. Mnazijua nyinyi. Majirani nao wanaleta sahani zao, na kwetu sahani ya jirani hairudi tupu, basi yule mama alikuwa akikaanga utadhani ana harusi.

"Kula, Baba Salha," mkewe humwambia. "Umeshinda na njaa."

"Nimeshiba, Mama Salha."

"Umeshiba nini na wewe hujala? Unaumwa?"

Hilo neno la mwisho ndilo lililokuwa likimmaliza. Mkono unakwenda wenyewe kwenye kaimati. Alikula ili asiulizwe. Na ili mkewe asimchunguze sana, kila jioni alimletea halua kutoka sokoni, ile ya lozi anayoipenda. "Kula nawe, mke wangu," anamwambia, na anakaa pale mpaka imalizike. Mama yule anakula, hakatai.

Lakini hofu haikumwacha. Asubuhi akitunga uzi kwenye sindano, ukikosa tundu, jasho linamtoka. Akienda chooni anainama kutazama kama sisimizi wameufuata mkojo wake kwa utamu. Msicheke. Humu ndani wamo wanaoinama.

Idi ikapita. Siku moja akaaga kwamba anakwenda kununua nyuzi, akazunguka njia za nyuma mpaka zahanati. Anaingia, anamkuta mwanamke kwenye benchi, amejifunika ushungi mpaka machoni. Viatu akavitambua. Ni mkewe.

"Mama Salha, unafanya nini hapa?"

"Na wewe, nyuzi zinauzwa hapa?"

Fundi akasogea kwenye benchi. Akakaa. Mama akasema polepole, "Walinipima Shaabani. Waliniambia sukari imeanza kupanda. Nikakumbuka ulivyomuuguza baba yako, ulivyokonda. Nikasema jambo hili sitakutwika tena."

"Na halua yote ile?"

"Ningeikataaje, Baba Salha? Ungeniuliza kama naumwa."

Wakapimwa wote wawili. Ya fundi ilikuwa pale pale, imepanda lakini haijafika kwenye kisukari. Ya mkewe ilikuwa imeshavuka. Muuguzi akamtuliza, akamwambia dawa zipo, watu wanaishi nacho miaka na miaka wakijitunza. Mama akaitikia, "Alhamdulillahi." Aliyelia ni fundi, mtu mzima na ndevu zake, mbele ya wagonjwa, kwa sababu halua ile aliileta yeye kwa mikono yake, akakaa kumwangalia mpaka imekwisha.

Basi sisi je? Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, lakini fundi alificha yake na aliyeumbuka ni mwenzake. Nani kakuambia kufunga mchana kunafuta sinia la jioni? Na nani kakuambia kumpenda mtu ni kumjazia sahani?

Najua humu wamo walioambiwa maneno kama yale ya zahanati. Mmeyatia mfukoni mkakaa nayo, usingizi hamna. Ndugu yangu, wewe umeonywa mapema, na kuna watu wangetoa kila walichonacho kupata onyo hilo kwa wakati. Alasiri simama utembee. Kaimati ziwe mbili tatu za kuonja, sinia lijae mboga. Jirani akileta sahani, irudi na matango, hatakufa.

Lakini kabla ya hayo yote, leo ukifika nyumbani, kabla mwezi haujaandama, mwambie aliye nawe. Na ukimaliza kumwambia, usiinuke. Kaa kidogo, unyamaze, umpe nafasi. Huenda naye ana la kukwambia.