Chungu cha Nyanjura na Uji wa Mafuru

"Chungu cha risasi hakiombwi uji." Jana mliisikia ikisemwa pale watu walipotaka kumtuma mjomba wenu Magafu akapeleke posa, yeye aliyezoea kuwapigia kelele wavuvi mawimbini, nanyi mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Ukerewe aliishi mama mmoja, Nyanjura, na mumewe mzee Bwire. Nyanjura alikuwa na chungu cha chuma cha kusubu, cheusi, kizito, chenye miguu mitatu, alichorithi kwa mama yake. Kwao ilikuwa desturi mtoto akifika wakati wa kuonja chakula, uji wake wa kwanza upikwe humo. Nyanjura mwenyewe aliunywa humo, na binti yake Nyangeta pia.

Kisha zikaja sufuria nyepesi, zile ambazo maji huchemka hujamaliza kupuliza moto. Chungu kikabaki pembeni, kuku wakawa wanatagia ndani. Bwire naye kazi yake ilikuwa kutengeneza machubwi, vile vizito vinavyozamisha wavu. Aliyeyusha risasi, yale madini laini ya kijivu, katika madebe, na madebe hayakukawia kutoboka. Akamwomba mkewe chungu.

"Kichukue," Nyanjura akasema. "Afadhali kifanye kazi kuliko kulalia mayai."

Miaka ikapita. Nyangeta akakua, akaolewa, akarudi kuwasalimu wazazi akiwa na mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Mafuru, alikuwa na meno mawili na alikuwa akinyakua kila tonge lililopita mbele yake. Nyanjura alipomwona hivyo, moyo wake ukaenda moja kwa moja kwenye chungu cha mama yake. Hakumwambia mtu. Alikwenda kukitoa bandani kwa Bwire, akakisugua kwa mchanga na majivu, akakipaka mafuta, akakichoma motoni mpaka kikang'aa. Ndivyo wanawake wa kwao walivyovirudishia uhai vyungu vilivyoshikwa na kutu, naye aliamini hakuna uchafu unaoushinda moto.

Bwire alipoingia uani, uji wa ulezi ulikuwa umeiva, na mkewe alikuwa akiupooza kwenye bakuli.

"Mama Nyangeta, huo uji umeupika katika nini?"

"Kwani macho umeyaacha ziwani? Katika chungu cha mama."

"Hicho ni cha risasi."

"Kilikuwa. Nimekisugua mpaka kucha zimekwisha, na moto nimekitia. Moto husafisha kila kitu."

"Moto huohuo ndio ulioiingiza risasi. Chuma kikipata moto sana hupokea kinachomiminwa ndani, nacho hakitoki kwa majivu. Ile ni sumu, mama, na kwa mtoto mdogo ni mbaya zaidi."

"Sema tu unaogopa kurudia madebe yako yanayovuja."

Nyangeta aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Mimi simo," akasema, akimzuia Mafuru aliyekuwa akilinyooshea bakuli mikono.

Lakini Nyanjura hakuwa akitania. Ilimuuma kwamba mjukuu wake ndiye angekuwa wa kwanza kukikosa chungu kile, kana kwamba marehemu mama yake amenyimwa kumbeba kitukuu. Akachukua kijiko.

Bwire hakubishana tena. Alisogea, akalitwaa bakuli, akaketi juu ya kinu kilicholazwa.

"Basi nianze mimi," akasema. "Nimetoka kazini nina njaa, na wewe umesema uji ni safi."

Akaliinua bakuli mdomoni. Mkono wa Nyanjura ukafika kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Akalipokonya, uji ukammwagikia Bwire mapajani.

"Mbona unaninyang'anya?" mzee akauliza polepole.

"Wewe umezeeka. Tumbo lako..."

"Tumbo langu limekula dagaa wenye mchanga toka ujana. Leo ndiyo limekuwa yai?"

 Mkono wa Nyanjura ulikuwa umekwisha kusema kile ambacho mdomo ulikataa. Akaketi kando ya mumewe, akaanza kumpangusa uji kwa ncha ya kanga.

"Lakini ni chungu cha mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Na bado ni chake. Samaki waliomkuza Nyangeta, nyavu zao zilizamishwa na nini? Hakijaacha kuilisha nyumba hii. Kimebadili njia tu."

Nyanjura akacheka huku machozi yakimtoka. Uji ule wakaufukia mbali, kuku wasije wakaudonoa. Mafuru akapikiwa mwingine katika sufuria nyepesi. Bibi yake akamlisha, naye akaunywa mpaka ukamfika masikioni, bila kuuliza umepikiwa wapi.

Kesho yake jirani alikiona chungu kinang'aa, akakisifu. "Shoga, umekirudisha jikoni? Niazime basi, na mimi nina binti aliyejifungua, anataka uji."

Nyanjura alikuwa amekwisha kujitwika chungu chenyewe, akikipeleka bandani kwa Bwire.

"Hiki kina kazi yake na heshima yake," akasema bila kusimama. "Ukitaka kuzamisha nyavu, njoo. Chungu cha risasi hakiombwi uji."