Hodi Uani kwa Mzee Mihayo

Mradi wa maji ulipofika kijijini, tajiri Mihayo alitaka bomba lijengwe ndani ya ua wake. "La sivyo, hakuna mtaro utakaopita shambani kwangu!"

Wanawake wa bondeni, waliozoea kuchota maji mbali mtoni, walinuna. Ila Nyamizi, muuza vitumbua, alipiga magoti.

"Sawa, Mzee. Bomba likae kwa mtu mwenye heshima zake. Lakini ni la wote, lango usifunge. Nasi hatutachota bila kubisha hodi na kukuamkia."

"Hiyo ndiyo adabu!" Mihayo alitanua kifua.

Kesho yake, jogoo hajawika, wakaanza.

"Hodi! Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba."

"Hodi! Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba."

Kijiji kizima kilipita, mmoja mmoja, asubuhi na jioni. Hata chai ilimpoea mkononi.

Wiki haikuisha. Mihayo, sauti imemkauka, alinunua mabomba mwenyewe akayavuta maji hadi bondeni.

"Umenitesa, Nyamizi!"

"Tungefanyaje, Mzee? Mabomba ya mradi yalikuwa yanaishia uani kwako, na ya kufika bondeni tulikosa wa kutununulia. Asante sana. Na shikamoo."

"Marahaba," alinong'ona Mihayo.